Salamu za Namba Fupi

Haya nilisimuliwa na Ketrina, binti wa mzee Yesaya, mwezi wa tano mwaka 2015, siku zile tatu tulizokaa ukumbini kwangu tukichambua maharage ya mbegu. Mambo yenyewe yalikuwa yametokea miaka miwili nyuma. Ketrina hakujificha ndani yake. Alisema tangu mwanzo, "Mama, humu ndani mwenye makosa ni mimi, kwa hiyo usinikatize mpaka nimalize." Sikumkatiza. Maharage yalikuwa magunia mawili, haraka ya nini.

Mzee Yesaya alikuwa jirani yangu huku Ileje milimani. Kati ya nyumba yake na yangu pana kijito na kipande cha kahawa, basi. Mimi namtaja kwa jina bila hofu kwa sababu hakuwa mkwe wangu. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa miaka mingi, kalamu mbili mfukoni, hadi soko lilipofunguliwa na wanunuzi wakaanza kuja kila mmoja na mizani yake. Baada ya hapo alirudi shambani, lakini kalamu hakuziacha. Mkewe alifariki mwaka 2009. Akabaki na Ketrina, ambaye alikuwa amerudi kutoka kwa mume.

Mtoto wake wa kiume ni mmoja, Lusungu, dereva wa malori yanayovuka Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Mke wa Lusungu anaitwa Dina. Dina alikuwa na kibanda cha uwakala wa pesa za simu pale Tunduma, karibu na mpaka, mwavuli nje, benchi moja la wateja, na mtoto wake Blessing amelala kwenye boksi chini ya meza.

Sasa kabla sijaendelea lazima niseme habari ya wakwe, maana wajukuu wangu wanaosoma mijini wananiuliza. Kwetu sisi Wandali, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Hawakai baraza moja, hawasalimiani kwa mdomo, na mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Mimi nilipoolewa, mwaka 1967, baba mkwe wangu alikuwa anakohoa mara tatu kabla ya kupinda kona ya nyumba. Nikisikia kile kikohozi naingia kwenye kahawa na ndoo yangu kichwani, nakaa humo hadi apite. Wajukuu wanacheka. Mimi nakumbuka maua ya kahawa yananidondokea shingoni, na viatu vyake vinapita taratibu ili nisione ananiharakisha. Nilipokuwa na mimba ya kwanza nilikuta mkungu wa ndizi mlangoni asubuhi. Hakuna aliyesema neno, nikajua umetoka kwa nani. Mambo yale yalikuwa hivyo. Watu walipendana bila kelele.

Na pesa nazo zilikuwa na namna yake ya kufika. Miaka ile ya themanini, tulipokuwa tunavuka Mto Songwe kwenda Malawi kutafuta sabuni, mtoto aliye mbali alikuwa anamkabidhi kondakta wa basi bahasha iliyoshonwa kwa uzi. Inafika siku ya nne, inanuka dizeli. Ukifungua, pesa imekunjwa ndani ya barua. Unasoma barua kwanza. Pesa hata ikiwa ndogo unaona mtoto amekaa chini akakufikiria, akalamba bahasha kwa ulimi wake. Simu zilipokuja pesa ikawa inafika kabla hujamaliza kunywa chai, tunashukuru. Lakini ilikuja uchi, haina barua.

Basi, Lusungu kila mwisho wa mwezi alikuwa anamwambia mkewe amtumie baba shilingi elfu ishirini. Dina alituma bila kukosa. Mzee akipata ujumbe anakwenda na fimbo yake hadi duka la Barnaba, anatoa pesa, ananunua sukari, mafuta ya taa, dawa ya mguu, na vocha moja ya elfu moja.

Mwaka 2013, baada ya Pasaka, Ketrina akaona sukari inaisha tarehe kumi. Akaona baba yake ananunua vocha mara tano, mara saba kwa mwezi, na simu hampigii mtu.

"Baba, pesa ya mwezi imekwenda wapi?"

"Simu inakula."

"Simu haina mdomo."

"Basi mwulize mwenye mdomo," mzee akasema, akatoka kwenda kutazama kahawa.

Ketrina hakumwuliza tena. Aliniambia, "Mama, mimi nilishajua jibu langu. Nikasema huyu wa Tunduma anatuma kumi, anatuandikia ishirini." Kama angekwenda kwa Barnaba kuuliza pale dukani angeambiwa ni ishirini kamili. Hakwenda. Mtu akishapata mwizi hatafuti ushahidi tena. Akapanda hadi kwenye kichanja cha kuanikia kahawa mbele ya nyumba, maana pale ndipo mtandao unaposhika, akampigia wifi yake.

Dina alikuwa anamhudumia mteja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, amemalizana naye kwa "natotela, bamayo," yaani asante mama kwa Kibemba, akapokea simu bado anacheka.

"Wifi, habari za huko?"

"Za huku ni za njaa. Za huko kwenye pesa zetu?"

"Pesa zipi tena?"

"Wewe ni wakala au ni panya? Mzee anabaki na sukari ya siku kumi. Kila mwezi unamega. Mji umekufundisha."

Dina akakaa chini. Alikuwa mtu wa kukaa chini kabla hajajibu, ndivyo alivyolelewa. Akasema, "Wifi, ninazotuma ni ishirini. Ujumbe ninao. Sasa hebu nisaidie kitu kimoja. Babu yake Blessing akienda kuoga, ingia kwenye simu yake, uone kama kuna meseji inayoingia kila siku kutoka namba fupi."

Ketrina alingoja mzee akaenda bafuni na maji yake ya moto. Akafungua. Mama yangu, zilikuwa nyingi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, namba ya tarakimu tano, haina jina. Leo Zaburi, kesho Mithali, keshokutwa salamu tu: *Amka na amani. Unayempenda anakukumbuka.* Akampigia tena Dina akamsomea.

"Ndiyo hiyo," Dina akasema. "Hiyo ni huduma ya kulipia. Inamkata salio kila asubuhi. Ndiyo maana vocha hazikai."

"Neno la Mungu linalipiwa?"

"Kwenye simu linalipiwa, wifi. Tuma neno ONDOA kwenye namba hiyohiyo. Itakoma."

Ketrina alikuwa ameshaanza kuandika, O, N, mzee akatokea na taulo shingoni.

"Unafanya nini na simu yangu?"

"Naondoa hii kitu inayokula pesa, baba. Hizi meseji za asubuhi."

Hapo, Ketrina aliniambia, baba yake alinyang'anya ile simu kama mtu anayemtoa mtoto kwenye moto. Akasema, "Usiguse. Hizo zinatoka Tunduma. Zinatoka kwa mama Blessing."

Sasa ninyi mnaosoma mtasema mzee alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Alikuwa karani, alikuwa na hesabu yake. Mwezi wa pili mwaka ule, siku mbili baada ya Dina kumtumia pesa, iliingia meseji inauliza: *Je, ungependa kuamshwa na neno jema kila asubuhi? Jibu NDIYO.* Namba ilikuwa fupi, na yeye kwa Barnaba alikuwa ameona kwamba namba za mawakala ni fupi. Ukimtoa Barnaba, wakala anayemjua ni mmoja. Tena ile meseji haikumtaja yeye jina, wala mwenye kuandika hakujitaja. Iliomba ruhusa kwanza. Nani mwingine angeandika hivyo, kama si mkamwana aliyefundwa vizuri, ambaye hawezi kumsalimia baba mkwe kwa mdomo akapata njia ya kumsalimia bila kuvunja heshima? Mzee akajibu NDIYO. Tangu siku ile alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anajifunga koti, anapanda kwenye kichanja kungoja. Hakumwambia mtu. Jambo la mkwe halisemwi ovyo.

Ketrina aliposikia kwamba zinatoka kwa Dina, hakuona heshima humo ndani. Aliona mtego umemnasa aliyeutega. Akampigia mara ya tatu siku ileile.

"Umesema hizo meseji ndizo zinakula pesa."

"Ndiyo."

"Na baba kasema zinatoka kwako. Mwenyewe, kwa mdomo wake. Kwa hiyo unamtumia wewe, unamkata wewe. Umechukua Zaburi ukamtegea mzee kama mtu anavyotega fuko."

Dina akauliza kwa sauti ndogo, "Amesema zinatoka kwangu?"

"Ndiyo. Na Jumapili akina mama wa kanisa watasikia."

Na kweli Jumapili walisikia. Mimi nilikuwepo. Ketrina alisimama nje ya kanisa baada ya ibada akasema mkamwana wa mzee anakula pesa ya mzee kwa Neno la Mungu, na wanawake wakashika mashavu. Mimi niliuliza, "Una hakika?" akasema, "Simu imesema." Niliondoka na moyo mzito, maana nilikuwa nampenda Dina. Kwetu mwanamke akishaitwa mwizi wa baba mkwe, hana tena mlango wa kuingilia kwenye ukoo ule. Hata akija msibani atapewa kazi ya kuteka maji tu, chungu cha mboga hatakisogelea.

Dina akampigia mumewe. Lusungu alikuwa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, kwenye foleni ya malori, siku ya nne hajavuka. Akasema, "Nenda mwenyewe. Mimi nikimpigia mzee atasema nakutetea kwa sababu nakula kwako." Dina akapiga huduma kwa wateja. Wakamwambia simu ipigwe kwa laini hiyohiyo, na mwenye laini awepo. Basi Ijumaa akafunga kibanda, akambeba Blessing mgongoni, akapanda gari Mpemba. Wakati huo barabara ile ilikuwa vumbi tupu, na sisi tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Alifika saa nane mchana, nyusi zimekuwa nyekundu.

Njiani alikuwa anafikiri, alimwambia Ketrina baadaye. Akisema ukweli, jina lake litasafika. Lakini mzee atajua kwamba miezi mitatu alikuwa anaamka gizani kungoja mtu ambaye hayupo. Akinyamaza, mzee atabaki na furaha yake, na yeye atabaki mwizi. Aligeuza maneno yale kutoka Mpemba hadi Isongole, na hadi anateremka hakuwa ameamua.

Alipofika alipita nyuma, jikoni, kama inavyotakiwa. Mzee alikuwa barazani mbele. Sasa tazameni ugumu. Mtandao uko mbele kwenye kichanja, aliko mzee. Anayejua kuongea na kampuni yuko nyuma. Ketrina akamwambia baba yake aende nyuma, mzee akazunguka upande wa kulia. Dina akazunguka upande wa kushoto. Wakapiga, kampuni wakasema wamsikie mwenye laini. Ketrina akakimbia na simu hadi nyuma, mtandao ukakatika. Wakabadilishana tena, huyu kulia, yule kushoto. Mara ya tatu Blessing akafikiri ni mchezo, akawa anamkimbilia babu yake kila upande anakotokea.

Hapo Ketrina akachukua kitenge cha Dina, akakitundika kwenye kamba ya nguo iliyopita juu ya kichanja. Mzee akaketi upande huu kwenye kiti chake. Dina akapiga magoti upande ule. Ketrina akasimama pembeni na simu, sauti ameifungulia.

"Asante kwa kupiga huduma kwa wateja, unaongea na Stamili. Nikusaidie nini?"

"Dada yangu," Dina akasema, "kuna laini inakatwa salio kila asubuhi."

"Laini imesajiliwa kwa jina gani?"

Dina akatazama kitenge.

"Mama, unanisikia? Jina la mwenye laini."

"Ni ya mzee wangu."

"Mzee wako anaitwa nani?"

"Siwezi kumtaja, dada. Ni baba mkwe."

"Sasa mama, mimi kwenye kompyuta nimtafute kama baba mkwe?"

Dina akamwangalia Ketrina amsaidie. Ketrina akatazama milima. Alikuwa bado na hasira, akasema polepole, "Mtaje, si wewe ndiye unayejua mambo ya simu."

"Dada," Dina akasema, "ni nabii. Ukifungua Biblia, ukimaliza Wimbo Ulio Bora, yeye ndiye anayefuata."

"Mama, mimi ni Mwislamu."

"Basi uliza mwenzako hapo pembeni."

Wakasikia yule binti anauliza mtu, na watu wawili watatu wanacheka huko walipo. Ndipo upande wa pili wa kitenge mzee akakohoa. Akasema mwenyewe, kwa sauti ile ya kusomea majina ya wakulima siku ya malipo, "Yesaya. Mwambieni ni Yesaya." Dina akainamisha kichwa hadi karibu na ardhi. Miaka mitatu ya ndoa, hakuwahi kuisikia sauti ile karibu namna hiyo.

Stamili akamwuliza mzee mwaka wa kuzaliwa na kiasi cha mwisho alichopokea. Mzee akajibu mwaka, akajibu elfu ishirini.

"Ngoja," Ketrina akasema, "elfu ishirini kamili?"

"Kamili, mama. Kila mwezi naona ishirini." Stamili akabonyeza vitu vyake. "Mzee, wewe umejiunga na huduma ya neno la asubuhi tangu mwezi wa pili, kwa kujibu NDIYO. Unakatwa shilingi mia na hamsini kila siku. Halafu naona unatuma meseji kwenye namba hiyohiyo, na kila moja ni mia mbili. Mzee, unaandika sana."

Ketrina hakujua kabisa habari ya baba yake kuandika. Akauliza, labda bado alikuwa anatafuta pa kutokea, "Hiyo namba ni ya wakala wa Tunduma?"

"Hapana mama. Ni kompyuta inatuma yenyewe. Hakuna mtu."

Mzee akauliza, "Na zile ninazotuma mimi? Nani anazisoma?"

"Hakuna anayezisoma, mzee."

Upepo ulikuwa unakipeperusha kile kitenge. Ketrina akakishika kwa chini kisije kikafunuka. Stamili akasema, "Haloo?" mara mbili.

"Ketrina," mzee akasema, "mwulize mama Blessing. Hata moja haikuwa yake?"

Ketrina akageuka. Dina alikuwa amesikia, lakini lazima aulizwe na mtu, ndiyo kawaida. "Baba anauliza hata moja haikuwa yako." Na wakati anauliza, Ketrina akamkonyeza. Aliniambia hivyo mwenyewe huku anafuta macho kwa mkono wenye vumbi la maharage: "Mama, mimi niliyemwita panya, nilimkonyeza aseme moja ilikuwa yake. Moja tu. Ningemsamehe."

Dina akasema, "Mwambie hata moja."

"Anasema hata moja, baba."

"Mwambie kwamba ningejua inaruhusiwa, ningeandika."

"Anasema angejua inaruhusiwa, angeandika."

Mzee akavuta pumzi. "Iondoeni," akasema.

Stamili akaiondoa. Kuhusu pesa alisema kwa kuwa mzee alikubali mwenyewe hawezi kurudisha zote, ila atarudisha salio la siku saba. Zile za kujibu hazirudi. Akamtakia mzee mchana mwema, na kabla ya kukata akasema, "Mama, huyo nabii nimeshamjua, asante." Mara ujumbe ukaingia: shilingi elfu moja na hamsini zimerudi.

Ketrina alitaka kuondoka na simu. Mzee akasema, "Simama hapo. Hizo zilizorudi, zirushe kwa huyo uliyemwita mwizi. Si nyingi. Lakini zirushe mbele yangu. Na Jumapili utasimama palepale uliposimama."

Ketrina akarusha. Simu ya Dina ikalia kwenye mfuko wa gauni. Ketrina akapiga magoti palepale alipo, nusu upande wa baba yake na nusu upande wa wifi yake, kitenge kikiwa begani, akasema, "Wifi, nimekosa." Dina akasema, "Inuka, utachafua kitenge changu." Wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha kujifuta kamasi. Na Jumapili ile Ketrina alisimama nje ya kanisa akasema yote, nilimsikia kwa masikio yangu.

Lakini siku ile ilikuwa haijaisha. Mzee aliinuka kwenye kiti chake. Akampa Ketrina simu yake, ile simu ndogo ya tochi, akasema, "Mpe. Nenda kwenye zile zilizotumwa. Kama hakuna aliyezisoma huko, basi zilikuwa zake. Azisome." Akamshika Blessing mkono wakaingia ndani.

Dina alizisoma jikoni, jioni, ugali ukiwa umeshapikwa na kuliwa. Simu zile zilikuwa hazihifadhi meseji nyingi, za zamani zaidi zilikuwa zimefutika. Zilibaki ishirini na kitu. Ketrina alikuwa anaosha vyombo, na Dina alimsomea baadhi.

*Nimeamka. Mvua imenyesha. Kahawa ya juu imeanza kutoa maua.*

*Neno la leo ni zuri. Hapo umesema kweli.*

*Mguu unauma. Usimwambie Lusungu.*

*Siku ya mahari nilisema umetoka ukoo wa watu wavivu. Nilipitisha kwa midomo ya wazee lakini maneno yalikuwa yangu. Samahani.*

*Mama yake Lusungu angekupenda. Naye alikuwa anakaa chini kabla hajajibu.*

*Blessing ameota meno mangapi?*

*Usipojibu maswali yangu sikasiriki. Najua ni heshima.*

Hiyo ya mwisho Dina hakuisoma kwa sauti. Alimpa Ketrina aione mwenyewe.

Mzee alikuwa ameshalala, mjukuu amemlalia kifuani, wamechoka wote na ule mzunguko wa mchana. Manyunyu yalikuwa yameanza, lakini giza lilikuwa halijashika. Dina akajifunika kitenge kichwani, akaenda hadi kwenye kichanja cha kahawa, simu mbili mkononi, yake na ya mzee. Ketrina akamtazama kutoka mlango wa jikoni. Akamwona anasoma kwenye simu moja, anaandika kwenye nyingine, na kila akimaliza kuandika simu ya mzee inalia palepale mkononi mwake. *Ameota ishirini.* Ikalia. *Sikujua kama mguu unauma, kuna dawa nitaleta.* Ikalia. *Ukoo wetu kweli kuna wavivu wawili, ni wajomba.* Ikalia. Hakumtaja jina, hakujitaja. Alijibu swali baada ya swali, akifuta maji ya mvua kwenye vioo kwa ncha ya kitenge, hadi zile elfu moja na hamsini zikakwisha na simu yake ikamwambia hana salio la kutosha.

Akarudi jikoni amelowa mabega. Ketrina akampa sehemu ya karibu na mafiga, akamfunika blanketi lake mwenyewe. Dina akasema, "Wifi, simu ya babu yake Blessing hii hapa," na kabla hajamaliza kuinyoosha alikuwa amesinzia.

Ketrina akaichukua. Akaingia ndani kwa kunyata, akaiweka kwenye stuli karibu na mkono wa baba yake, pembeni ya miwani, ili asubuhi asipande kwenye kichanja kwa bure. Akamvutia Blessing shuka hadi shingoni. Akarudi jikoni, akasukumiza kuni ndani, akajilaza upande wa pili wa mafiga akisikiliza manyunyu juu ya bati, na naye akalala.